Maswali kwa Mpiga Besi: Nunueni Spika Kwanza

Mjibu maswali wetu alishika gitaa la besi kwa mara ya kwanza mwaka 1976, na kwa zaidi ya miaka thelathini amezunguka na bendi za muziki wa dansi katika kumbi za Mwanza, Musoma, Bukoba na visiwani. Siku hizi anaishi Pasiansi, ambako anafundisha vijana barazani kwake. Mwezi huu anajibu barua nne.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mpiga besi wa kwaya hapa Nansio, Ukerewe. Wanakwaya wamechanga shilingi laki tisa kwa ajili ya vyombo vya besi. Wenzangu wanataka gitaa jipya la nyuzi tano, lile linalotumia betri, kama waliloliona kwenye video za kwaya za Dar es Salaam. Kwa sasa tuna gitaa la zamani la nyuzi nne ambalo tunalichomeka kwenye amplifaya ndogo ya gitaa la solo. Je, laki tisa zinatosha kupata gitaa zuri?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Fedha ya michango ina macho mengi, kwa hiyo nitakujibu kwa namna ambayo utaweza kuwasomea wanakwaya wote. Msinunue gitaa. Nunueni amplifaya ya besi yenye spika ya inchi 12 au 15, hata ikiwa imetumika, na kabla hata hamjainunua, chomoa gitaa lako kwenye hiyo amplifaya ya solo leo hii.

Uzi mnene wa besi, ukipigwa bila kukandamizwa, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Ili sauti nzito kiasi hicho isikike ukumbini, spika inapaswa kusukuma hewa nyingi, na spika ndogo hulazimika kwenda mbele na nyuma kuliko ilivyotengenezwa, mpaka karatasi yake inachanika au waya wake wa ndani unaungua. Nalijua hilo kwa gharama. Katika dansi moja la mkesha wa mwaka mpya, besi yangu ilianza kutoa mlio wa turubai linalopigwa na upepo, nami badala ya kupunguza sauti nikaongeza, kwa sababu nilidhani watu hawanisikii. Kabla ya saa saba usiku spika ilikuwa imepasuka kuanzia katikati hadi ukingoni, na mwenye bendi alikata gharama yake kwenye mshahara wangu kwa miezi mitatu, ingawa amplifaya ile aliileta yeye mwenyewe na hakuwahi kuniuliza kama inafaa.

Mkikosa amplifaya ya besi, ya kinanda itawafaa, kwa kuwa nayo imetengenezwa kubeba sauti za chini. Kwa kanisa lenye drams, nisingeshuka chini ya wati 100. Halafu msiisukumize kwenye kona. Wimbi la sauti ya ule uzi mnene lina urefu wa mita nane na zaidi, na kona hulivimbisha mpaka waumini wa viti vya nyuma wanasikia mvumo mtupu usio na noti ndani yake. Isogezeni mbele kidogo, iinueni juu ya kigoda imara, kisha umwombe mtu akae mwishoni mwa kanisa akueleze anachosikia. Masikio yako wewe uliyesimama mbele ya spika yatakudanganya.

Kuhusu nyuzi tano: huo uzi wa tano hushuka hadi mitetemo 31 hivi kwa sekunde, na vyombo vyenu havitautoa, kwa hiyo mtakuwa mmelipia uzi wa kupumzishia dole gumba. Na gitaa la betri lina tabia ambayo muuzaji hawezi kukueleza, nayo ni kwamba katika magitaa mengi ya aina hiyo betri huendelea kuliwa muda wote waya unapokuwa umechomekwa, hata kama hakuna anayepiga. Kijana akilisahau hivyo baada ya mazoezi ya Ijumaa, Jumapili katikati ya wimbo sauti itafifia na kukwaruza kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi, nanyi mtaanza kutafuta betri ile ya mraba ya volti 9 Nansio nzima wakati maduka yamefungwa. Leo Fender alipotoa gitaa lake la besi la umeme huko Marekani mwaka 1951, aliliwekea nyuzi nne bila betri yoyote, na mpaka leo sijaona wimbo wa kwaya ulioshindikana kwa nyuzi nne.

Hilo gitaa lenu la zamani, lipime kabla ya kulidharau. Gusa uzi kwa kidole chepesi juu ya freti ya 12, yaani kile kijiti cha chuma cha kumi na mbili kwenye shingo, bila kuukandamiza, uupige, usikilize ule mlio wa kengele. Kisha ukandamize uzi palepale na uupige tena. Noti hizo mbili zikilingana, gitaa ni zima. Zisipolingana, fundi atasogeza vile vipande vya chuma vinavyobeba nyuzi kwenye daraja, kazi ya nusu saa. Mkibakiwa na chenji, nunueni waya mzuri.

SWALI: Mzee, ninafanya kazi ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na jioni napiga besi. Nyuzi zangu zinaota kutu haraka. Rafiki yangu ananiambia nizichemshe. Ni kweli, au ananitania?

JIBU: Hakutanii. Jasho na mafuta ya vidole huingia katikati ya mizunguko ya uzi na kuufanya ulie kama umefunikwa blanketi. Ukizichemsha kwa dakika kama kumi, uchafu hutoka na mlio hurudi, lakini kwa siku chache tu. Na kutu haiondoki kwa maji. Zikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha, tena utumie sufuria yako mwenyewe, maana mke wangu aliwahi kukuta nyuzi kwenye sufuria ya ugali na sikupenda mazungumzo yaliyofuata. Miaka ile nyuzi zilipokuwa haziingii nchini tulichemsha seti moja mpaka tukapoteza hesabu. Kwako wewe mwenye chumvi ya dagaa mikononi, dawa ni kunawa kwa sabuni kabla ya kushika gitaa na kupangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza. Ukipata fedha, tafuta nyuzi zilizozungushiwa utepe bapa. Zina mlio mfupi na wa kizee, kama mimi, lakini hudumu miaka.

SWALI: Mimi na kaka yangu, hapa Musoma, tuna ubishi usiokwisha. Yeye anasema besi ya benga haina ufundi kwa kuwa inarudia kitu kilekile wimbo mzima, na kwamba ufundi uko kwenye besi ya dansi. Mimi naipenda benga lakini sina la kumjibu. Tuamulie.

JIBU: Inaelekea kaka yako hajawahi kuipiga. Mwambie achukue gitaa, apige kipande kimoja cha benga kwa dakika nane bila kuongeza mwendo, bila kupunguza, na bila kuteleza hata mara moja, halafu ndipo turudi kwenye ubishi.

Nyinyi wa mkoa wa Mara mna haki ya kujivunia jambo hili, kwa maana D. O. Misiani, mmoja wa wafalme wa benga, alizaliwa upande wenu, karibu na Shirati, na ingawa sifa zake alizipatia Kenya, bendi yake aliipa jina la Shirati. Ukitaka kuielewa besi ya benga, mtazame kwanza mpiga nyatiti wa Kijaluo. Ameketi chini, nyuzi nane mbele yake, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete nzito ya chuma ambayo anaigonga kwenye chombo chenyewe. Nyuzi zinazunguka kwenye kifungu kifupi kinachojirudia, na mguu hauachi kugonga. Ukihamishia picha hiyo kwenye bendi, magitaa na besi vimegawana kazi ya nyuzi, na drams zimechukua kazi ya mguu. Ndiyo maana katika rekodi za benga besi husikika mbele, ikidunda, na haijifichi nyuma ya mwimbaji.

Dansi letu lina damu nyingine. Kuanzia mwaka 1933 santuri za Kikuba zenye alama ya GV zilianza kuuzwa Afrika, wanamuziki wa Kongo wakazinywa kama maji, na kutoka kwao na kwenye santuri zenyewe mapigo yale yakatufikia sisi. Mpiga besi wa Kikuba huliruka pigo la kwanza. Noti yake huwahi kabla ya pigo, kisha panabaki nafasi tupu. Sikiliza bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, au bendi ya Maquis waliotoka Kongo: katika sehemu ya kwanza ya wimbo, mwimbaji anapoeleza kisa chake, besi inatembea polepole na kumwachia nafasi, na inapofika chemko, ile sehemu ya wimbo ya kuchezea, ndipo inapokaza. Kosa ninaloliona kwa wanafunzi wangu ni kujaza ile nafasi tupu, kwa sababu wanaona aibu kusimama jukwaani bila kufanya kitu.

Kwa hiyo tofauti kubwa iko kwenye jinsi noti inavyomalizwa. Katika benga naikata mapema kwa kulaza ubavu wa kiganja karibu na daraja. Katika dansi naiacha ielee kidogo, kisha nainyamazisha kwa kulegeza kidole cha kushoto. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, alikuwa na kipande cha sponji chini ya nyuzi zake, na nyuzi zenyewe hakupenda kuzibadilisha. Mimi nilipoipata habari hiyo nilikata kipande cha godoro la mwanangu, kipana kama vidole viwili, nikakichomeka palepale kwenye daraja. Sauti niliyokuwa naitafuta kwa miaka kumi ikatoka siku hiyo.

Na kaka yako, kama ana damu ya Kisukuma hata kidogo, mpeleke akaone bugobogobo, wachezaji wakirusha majembe juu na ngoma kubwa zikirindima. Amtafute mtu mmoja pale anayelalamika kwamba ngoma inajirudia.

SWALI: Shikamoo babu. Mimi ni msichana wa miaka 20, naishi Igoma. Nimepata nafasi ya kupiga besi kwenye bendi ya hoteli. Gitaa ni la mwenye bendi, na mimi sina la kwangu. Mama ananiambia nisubiri mpaka ninunue langu. Nikubali?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kubali, lakini umsikilize mama pia. Bendi karibu zote za enzi zetu ziliendeshwa hivyo, vyombo vikiwa mali ya chama, shirika, jeshi au tajiri, na sisi tukiwa waajiriwa wa mikono mitupu. Nilipiga besi kwa miaka 11 bila kumiliki hata uzi mmoja. Siku mwenye bendi yetu alipokosana na mwenye ukumbi, alileta gari saa nne asubuhi akapakia vyombo vyote, nasi tukabaki tumesimama nje na fimbo za drams, maana hizo tu ndizo zilizokuwa zetu. Kwa mwaka mzima uliofuata sikupiga besi popote, vidole vikawa laini kama vya karani.

Kwa hiyo andikishaneni malipo yako ni kiasi gani na yanatoka siku gani, na uulize mapema nani atalipa kitu kikiharibika. Kisha tenga sehemu ya kila mshahara kwa ajili ya gitaa lako, hata liwe kuukuu. Unapolinunua, tazama shingo kwa kuliinua usawa wa jicho kama seremala anavyotazama ubao, na uvae mkanda usimame nalo kwa dakika kumi dukani, kwa maana besi nyingi zina uzito wa kilo nne hivi, na utazibeba mpaka usiku wa manane. Mpaka utakapolipata, njoo Pasiansi siku za Jumanne na Alhamisi jioni. Langu lipo ukutani, na lile sponji la godoro bado limo.