Maswali yenu: Rafiki kaja kukaa, na mambo yameharibika

SWALI: Rafiki yangu wa tangu shule alikuja "kwa siku chache". Sasa ni wiki ya pili. Analala kwenye kochi sebuleni na huamka saa nne asubuhi, wakati sisi tunaamka saa kumi na mbili na kupita hapo kwa kunyata. Hajataja siku ya kuondoka. Mimi nimenyamaza, naye ameanza kuninunia. Nimwambieje bila kuvunja urafiki?

JIBU: Kabla ya lolote, muulize faraghani swali moja: "Kuna jambo huko ulikotoka?" Mtu asiyetaja siku ya kurudi wakati mwingine hana pa kurudi: kazi imekwisha, ndoa imeyumba au kodi imemshinda. Akikwambia hivyo, hiyo si ziara tena, ni hifadhi, nayo ina makubaliano yake: atakaa hadi tarehe ipi, atachangia nini (kama hana fedha, ni kazi zipi za nyumbani zitakuwa zake), anatafuta wapi pa kuhamia, na siku gani mtakaa tena kutazama alipofikia. Usimkubalie peke yako. Wenzako wa nyumbani wataubeba uamuzi huo pamoja nawe, kwa hiyo waulize kwanza.

Akisema hakuna jambo, panga tarehe wewe. Mpe siku tatu hadi tano, na zaidi kidogo kama tiketi yake hukatwa mapema. Usimuulize "unaondoka lini?" Swali hilo humfanya ajione anafukuzwa, na bado linamwachia yeye tarehe, akijibu "labda wiki ijayo", umekwama. Mwambie mwisho, sababu ya kweli na msaada wako, basi: "Tuko pamoja hadi Jumapili. Kuanzia Jumatatu sebule tunaihitaji, tumechoka na tunataka kurudi kwenye ratiba yetu. Jioni tuangalie usafiri wako." Kisha nyamaza. Hapo ndipo wenyeji wengi hukosea: wakiona uso wa rafiki umebadilika huanza kujieleza, na kila sentensi ya ziada hulegeza tarehe.

Usizue mgeni mwingine anayekuja. Rafiki wa miaka mingi anawajua ndugu zako, atagundua, na uongo huo utamuuma kuliko tarehe yenyewe. Wala usimwandikie ujumbe wa simu ukiwa chumba cha pili. Zungumzeni mchana, mkiwa wawili, wakati hakuna mwenye njaa wala usingizi.

Sasa tuje kwenye hilo kochi, maana tunadhani nusu ya ugomvi wenu umelala hapo. Anayelala sebuleni hawezi kulala mpaka mtu wa mwisho aondoke. Mkizima taa saa sita usiku, halafu mtu akapita kwenda chooni, na mto wa kochi ukabonyea katikati hadi nyonga zikazama, usingizi wake wa kweli huanza alfajiri. Mtu mzima anahitaji saa saba hivi au zaidi, kwa hiyo kuamka saa nne si uvivu. Mtafutie godoro la sponji lenye unene wa sentimita 10 au zaidi, mlitandike sakafuni, na mkubaliane saa: kuanzia saa nne usiku sebule ni yake, kuanzia saa moja asubuhi ni yenu. Asubuhi godoro lisimamishwe ukutani. Mnapata nafasi ya kupita, na unyevu wa jasho unaojikusanya upande wa chini unakauka badala ya kuota ukungu. Mwekee soketi ya simu karibu na mahali pa begi.

Mpe pia kazi moja iliyo yake kabisa, ya kila siku. Wahenga waliosema siku ya tatu mgeni apewe jembe waliona mbali: mtu asiye na la kufanya nyumbani kwa mwenzake hujihisi mzigo, na mtu wa namna hiyo hununa.

SWALI: Nilimkaribisha rafiki yangu wa karibu na kila tulipotoka nikalipa mimi. Siku ya nne nilimlipukia mbele ya watu. Bado yupo. Nifanyeje?

JIBU: Kuna mambo mawili hapo, usiyachanganye. La kumlipukia mbele ya watu liombee radhi leo, bila kutaja fedha hata kidogo. Ukisema "samahani, lakini wewe nawe hulipi", hujaomba radhi.

La fedha lisubiri kesho. Ulichokwisha kulipa kisamehe. Hamkukubaliana, na yeye huenda aliona ni ukarimu. Kwa siku zilizobaki wekeni mfuko mmoja: kila mtu atie kiasi sawa mwanzoni, na usafiri, viingilio na vyakula vya nje vilipiwe humo. Ukiisha, ongezeni sawa. Kikibaki kitu, gawaneni. Mfuko huo huvurugika pale mmoja anapochota kununua vitu vyake binafsi, kwa hiyo semeni mapema kwamba hilo haliruhusiwi. Kama uwezo wake ni mdogo kuliko wako, punguzeni matembezi ya kulipia badala ya kuongeza mchango wako kimyakimya, kwani kimya hicho ndicho kilichokulipua.

SWALI: Rafiki yangu aliondoka siku mbili kabla ya wakati, kwa hasira. Nimpigie?

JIBU: Siku hiyohiyo mtumie ujumbe mmoja tu: "Ukifika salama nijulishe." Usitie maelezo wala lawama. Akijibu au asijibu, mwache siku kadhaa, kisha mpigie kwa sauti. Maandishi husomwa kwa hasira aliyonayo msomaji. Taja kosa lako moja kwa jina lake, kwa mfano "nilikupangia kila saa bila kukuuliza", halafu msikilize bila kumkatiza, hata akikosea tarehe au maneno. Kama aliacha kitu kwako, kirudishe bila kukifanya sababu ya mazungumzo. Mkipatana, msianze na ziara nyingine ya kulala. Kutaneni mahali pasipo kwako wala kwake, kwa saa mbili au tatu, kila mmoja akiwa na usafiri wake wa kurudi.