Fundi wa bwawa anajibu: kufunga bwawa la nyumbani kabla ya barafu

Tangu Septemba iingie, naulizwa swali moja kwa sura nyingi: tumenunua nyumba yenye bwawa la kuogelea, baridi inakuja, tufanye nini? Sisi tuliokulia Tanga au Mombasa bwawa tulilijua la hotelini, tena kwa kuchungulia. Hakuna aliyetuambia kwamba huku kaskazini mwa Marekani na Kanada bwawa hufungwa msimu mzima kama duka la msimu wa pamba.

*Shikamoo fundi. Tulihamia hapa Juni, watoto wameogelea mpaka wamechoka. Kampuni ya kufunga mabwawa imetutajia bei nikakaa chini. Mume wangu anasema tutafanya wenyewe. Inawezekana? Na tuanze lini?* (Mama wa watatu, Columbus, Ohio)

Marahaba mama. Inawezekana. Ni kazi ya Jumamosi moja ya watu wawili, ilimradi mmoja asome maelekezo na mwingine asimharakishe.

Lini? Achana na kalenda, shika kipimajoto. Maji yenyewe, si hewa, yashuke chini ya nyuzi 15 za Selsiasi na yabaki hapo. Kwenu Ohio mara nyingi hiyo ni Oktoba. Wengi hufunga mara tu watoto wanaporudi shule, kisha joto linarudi wiki mbili, mwani unajinafasi chini ya kifuniko, na Mei wanafunua sufuria ya mlenda. Ila usivute mpaka usiku wa kwanza wa barafu, maana hapo utafanya kazi kwa vidole visivyohisi kitu.

Siku nne tano kabla, piga kuta brashi, vua majani, fyonza uchafu wa chini, kisha pima. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe 7.4 hadi 7.6, alkalini, ile inayoizuia pH isiyumbe, miligramu 80 hadi 120 kwa lita, ugumu wa kalsiamu 200 hadi 400. Huo ugumu usiudharau kama bwawa lako ni la saruji: maji yenye njaa ya kalsiamu yataila plasta taratibu miezi sita yote wakati wewe uko ndani unakunywa chai. Jioni weka klorini kipimo kikubwa, pampu ikeshe inazungusha. Dawa ya kuua mwani iache mpaka siku ya kufunga, klorini ikishashuka, kwa sababu klorini kali huiharibu.

Na hapa nisikilize vizuri. Klorini ya unga na ile ya vidonge zisikutane, hata kijiko kisiwe kimoja. Zikichanganyika zinaweza kulipuka moto. Tindikali ikikutana na klorini hutoa gesi inayochoma mapafu. Siku zote dawa iingie kwenye maji, kamwe usimwagie maji juu ya dawa.

*Shemeji yangu anasema tumwage maji yote, eti bwawa tupu haligandi. Ni kweli?* (Msomaji wa Rochester, New York)

Mwambie shemeji, kwa heshima zote, asiguse pampu ya kutolea maji. Bwawa tupu ni mtumbwi. Ardhi ya huko ina maji, na maji hayo yakijaa chini ya saruji hulisukuma bwawa juu. Nimewahi kuona moja limenyanyuka upande wa kina kirefu, vigae vya ukingoni vimetengana kama meno ya mzee. La plastiki nalo likikaa tupu ngozi yake hunywea, ukijaribu kuivuta irudi mahali pake kwenye baridi inapasuka. Maji yaliyomo ndiyo nanga.

Barafu inayotanda juu ya bwawa haina neno. Juu ni wazi, ina pa kwenda. Adui ni maji yaliyofungiwa mahali pasipo na nafasi: ndani ya bomba, pampu, chujio, heta. Maji yakiganda ujazo wake huongezeka kwa takribani asilimia 9, na bomba halina asilimia 9 ya kukupa. Ukilishika hilo, hatua nyingine zote unaweza kuzibuni mwenyewe bila kuniuliza.

Kwa hiyo punguza tu. Kama kifuniko chako hakipitishi maji, shusha mpaka chini kidogo ya skima, yaani kile kidirisha cha pembeni kinachomeza majani. Kama ni cha wavu, mvua na theluji vitapita na kujaza tena, kwa hiyo shusha zaidi, hadi chini ya matundu ya kurudishia maji. Soma kwanza maelekezo ya kifuniko, maana vingine hutegemea maji yavibebe kwa chini.

*Nimeona watu wanapuliza mabomba kwa kompresa, naogopa. Gereji kuna galoni mbili za dawa ya gari ya kuzuia maji kuganda. Nikimimina hiyo si basi?* (Kijana, nyumba ya kwanza, Pittsburgh)

Si basi, na galoni hizo zirudishe zilikokuwa. Dawa ya gari kwa kawaida ina ethilini glikoli, ambayo ni sumu yenye utamu. Mbwa huilamba, mtoto naye hataiacha. Ya mabwawa ni propilini glikoli, mara nyingi ya rangi ya waridi. Hata hiyo hutiwa baada ya kupuliza, si badala yake, kwa sababu ikichanganyika na maji yaliyobaki kwenye bomba nguvu yake inapungua.

Kuiogopa kompresa ni akili, usione haya. Chujio halikutengenezwa kwa shinikizo la hewa. Kifuniko chake kikifyatuka kinaua mtu. Mimi kwa bwawa la nyumbani natumia mashine ya kufyonzea uchafu na maji ya mafundi, ile kubwa, nikihamishia mpira upande wa kutolea hewa. Ina hewa nyingi na shinikizo dogo, ndivyo tunavyotaka. Hewa isipite ndani ya chujio hata hivyo.

Zima umeme wa pampu kwenye breka, si swichi tu. Fungua kifuniko cha kikapu cha pampu. Nenda kwenye skima, chomeka mpira kwenye tundu la chini, ziba pembeni kwa kitambaa, washa. Maji yatabubujikia kwenye pampu mpaka ibaki hewa tupu. Ziba tundu la skima kwa kizibo cha kukaza. Kisha fungua bomba pale linapotoka kwenye chujio au heta kurudi bwawani, puliza kuelekea bwawani. Kwanza utasikia kimya. Halafu tundu la kwanza litakohoa, liteme maji ya kijivu yenye mchanga, lianze povu, mwishowe litoe umande mwembamba kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi. Umande huo ndio ruhusa. Ziba tundu hilo hewa ikiwa bado inapuliza, hewa itahamia tundu linalofuata, nalo litakohoa hivyo hivyo. Bomba la tundu la sakafuni hutaliziba kule chini. Puliza mpaka mapovu yachemke katikati ya kina kirefu, kisha funga vali yake huku hewa inaenda. Hewa iliyonaswa itazuia maji yasirudi.

Ndani ya skima simamisha chupa tupu ya soda ya plastiki, utie kokoto kidogo isielee, ufunge kifuniko chake. Barafu itaibana chupa badala ya kuipasua skima.

Chujio la mchanga lifungulie kizibo cha chini litoke maji, mkono wa vali uuache katikati ya alama mbili. La katriji, toa katriji, osha, weka ndani. Heta nayo ina vizibo vyake vya kutolea maji. Pampu ina viwili. Nakwambia viwili kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilifungua kimoja, nikaona maji yametoka, nikaridhika. Aprili nilipoiwasha ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele chini ya tumbo, ikarusha maji mpaka kwenye viatu vyangu. Vizibo vyote ukishavitoa vitumbukize kwenye kikapu cha pampu. Ukiviweka mfukoni, Mei utavitafuta kwenye mashine ya kufulia.

*Salaam aleikum. Bwawa letu ni la chumvi. Bahari haigandi, hili nalo lina haja gani ya kufungwa?* (Mzee, Mississauga, Ontario)

Waaleikum salaam mzee wangu. Bahari yetu ya Hindi ndiyo haigandi, kwa sababu ya joto la kwetu. Maji ya bahari ya kawaida yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita na huganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Bwawa lako lina gramu 3 na ushee. Mbele ya baridi ya Ontario hilo ni sawa na maji yasiyo na chumvi. Fuata hatua zile zile, ongeza moja: ile seli inayotengeneza klorini itoe, isafishe, iweke ndani ya nyumba. Na kipimo kikubwa cha klorini kiweke wewe mwenyewe, kwani maji yakipoa seli nyingi huacha kufanya kazi.

*Turubai la kawaida na matofali pembeni halitoshi?* (Msomaji wa Worcester, Massachusetts)

Matofali huteleza, huanguka, huchana plastiki. Kwa turubai la bwawa kuna mifuko mirefu ya maji ya kulazwa ukingoni; ijaze robo tatu tu, nayo ni maji, nayo itaganda.

Lakini kama una watoto, au jirani ana watoto, sipendi turubai kabisa. Mvua hutuama juu yake, majani hulifunika, mtoto huliona kama uwanja. Akikanyaga linamkunja na kumzamisha. Kifuniko cha usalama, kinachokazwa kwa mikanda kwenye nanga za sakafuni, kwa kipimo cha Marekani kinachoitwa ASTM F1346 kinatakiwa kubeba ratili 485, yaani watu wazima wawili na mtoto. Ni ghali, ndiyo. Kama mwaka huu pesa haitoshi, nunua pampu ndogo ya kuondoa maji juu ya turubai, na lango la uzio lifungwe kwa kufuli.

*Hapa Dallas hakuna anayefunga. Tunaacha pampu inazunguka usiku wa baridi. Niige?* (Baba Dallas, Texas)

Iga, lakini kumbuka Februari 2021. Maji yanayotembea ni magumu kuganda, na pampu nyingi za kwenu hujiwasha zenyewe baridi ikija. Wiki ile umeme ulikatika sehemu nyingi za Texas, pampu zikasimama, mabomba na vifaa vya mabwawa vikapasuka nyumba kwa nyumba. Jifunze leo vilipo vizibo vya pampu, chujio na heta, uweze kuvifungua gizani kwa tochi. Umeme ukikatika na nje ni chini ya sifuri, usisubiri urudi.

*Fundi, Julai Arusha ni baridi na hakuna anayeogelea miezi miwili. Nasi tufunge?* (Dada wa Njiro)

Hapana dada. Kwenu maji hayafiki kuganda. Punguza saa za pampu, lakini klorini iendelee na maji yazunguke kila siku. Bwawa lililotelekezwa hapo nyumbani tatizo lake ni mbu, na mbu hawangoji Desemba.

*Nilifunga wiki jana, sasa hivi nimekumbuka sikutoa vizibo vya pampu. Nje ni nyuzi 3 chini ya sifuri. Nimekwisha?* (Hakuandika jina)

Bado. Zima breka kama hukuzima, na usiiwashe pampu "kuijaribu". Chukua taulo zilizoloweshwa maji ya uvuguvugu, zungushia tumbo la pampu, badilisha zikipoa. Maji ya moto na moto wa gesi ni marufuku, plastiki baridi haivumilii. Kizibo kikilegea kwa vidole, kitoe, acha itiririke, kisha cha pili. Kikigoma usikilazimishe kwa koleo, ongeza taulo.