Msiisingizie Valvu: Maswali ya Wapiga Gitaa

Kila Februari, jukwaa la tamasha la Sauti za Busara likishang'olewa pale Ngome Kongwe, Unguja, maswali huanza kunimiminikia. Vijana wamesimama nyuma ya amplifaya za wageni, wameviona vile vichupa vinavyong'ara rangi ya chungwa, na sasa kila mtu anavitaka. Kwa asiyevijua, ni valvu, zile zile zilizokuwemo kwenye redio za babu zetu. Katika amplifaya ya gitaa ziko ndogo za mbele, zinazoipokea sauti ikiwa bado changa, na ziko kubwa za mwisho, zinazoisukuma spika. Mengi mliyouliza yanahusu hizo za mwisho.

Shikamoo fundi. Mjomba ameniletea kutoka Muscat amplifaya ya Kimarekani yenye valvu mbili za 6L6. Mimi napenda sauti ya Kiingereza, ile inayokoroma. Nikizichomoa nikatia EL34 zitakubali? Soketi naona ni ile ile. (Mpiga solo, Michenzani)

Marahaba. Kuingia zitaingia, kukubali ni jambo jengine.

Soketi ni ya miguu minane kwa zote mbili, na hapo ndipo watu wanapoponzeka. EL34 ina gridi ya tatu, yaani kiwavu cha waya ndani ya valvu, iliyotolewa kwenye mguu wa kwanza, na mguu huo lazima uungwe na kathodi, ile sehemu inayotoa elektroni, iliyoko mguu wa nane. 6L6 haina gridi hiyo. Ndani yake mna vibati vinavyozikusanya elektroni zipite kwa mkondo mmoja. Kwa hiyo katika amplifaya nyingi za Kimarekani mguu wa kwanza hauna kazi, na kiwandani huutumia kuwa kituo cha kushikizia rezista. Ukitia EL34 bila ya kufungua na kuangalia, umeiunga gridi ile pahala si pake. Halafu kuna ulaji: filamenti, yaani waya unaoipasha valvu moto, ya 6L6 hula ampea 0.9, ya EL34 hula 1.5. Kwa mbili ni ampea 3 badala ya 1.8, na huenda transfoma yako haikutengenezwa kwa mzigo huo. Tena kuna bayasi, yaani ile volti hasi inayoizuia valvu isimwage umeme ovyo wakati hupigi. Nayo lazima ipangwe upya. Na usiipange wewe. Mle ndani mna volti zaidi ya 400, na kapasita huzihifadhi hata baada ya kuchomoa plagi.

Haya, tuseme fundi amekufanyia yote hayo. Sauti ya Kiingereza utaipata? Sikiliza kisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jim Marshall na mafundi wake wa London walipotaka kutoa amplifaya yao ya kwanza, waliichukua Fender Bassman ya Kimarekani wakainakili saketi yake karibu yote. Ikazaliwa JTM45. Mchoro mmoja, sauti mbili. Nini kilibadilika? Valvu ya mbele kabisa: Bassman ilikuwa na 12AY7, wao wakatia ECC83, inayokuza sauti zaidi ya mara mbili ya ile, kwa hiyo sauti ikawahi kukoroma. Transfoma zikawa za Kiingereza. Na spika: Bassman ilikuwa na nne za inchi 10 kwenye sanduku lililo wazi nyuma, Marshall wakaipeleka sauti kwenye spika nne za Celestion za inchi 12 ndani ya sanduku lililozibwa. Valvu za mwisho je? JTM45 za mwanzo zilitumia 5881, ambayo ni jamaa wa hiyo hiyo 6L6 yako, kisha KT66. EL34 zilikuja baadaye. Kwa hiyo ile sauti unayoisifia ilikwishaanza kuzaliwa kabla EL34 haijagusa soketi.

Sikatai, EL34 ina tabia yake. Huhitaji msukumo mdogo kuliko 6L6 kufika ukomo wake, na sauti za katikati hujitokeza mbele. Lakini ningekuwa wewe, pesa ya EL34 na ya fundi ningenunulia spika. Hata fundi mwenyewe akiwa mimi.

Kaka fundi, kuna mtu anauza amplifaya ya valvu nne za EL84, mfano wa Vox AC30. Anasema bei iko juu kwa sababu ni "klasi A tupu". Ni kweli? Na mbona sauti yake inalia kama kengele? (Binti wa gitaa, Chake Chake)

Klasi A maana yake valvu haizimi hata nukta moja. Inapitisha umeme muda wote, wimbi likipanda na likishuka. Hesabu yake haina siri. EL84 moja inavumilia joto la wati 12, nne ni wati 48. Klasi A, hata kwenye karatasi, haiwezi kukupa zaidi ya nusu ya kile inachokula. Nusu ya 48 ni 24. Sasa AC30 inatoa wati 30 na ushei. Hizo za juu zimetoka wapi? Zimetoka kwa valvu kupumzika kwa zamu unapopiga kwa nguvu, na hiyo si klasi A tena, ni klasi AB. Mwambie muuzaji apunguze bei, au apunguze maneno.

Kengele uliyoisikia ni ya kweli lakini, na chanzo chake kikubwa ni kitu ambacho hakimo ndani ya ile saketi. Amplifaya nyingi huchukua kipande kidogo cha sauti pale inapotoka kwenda kwenye spika, zikakirudisha nyuma kwa kinyume ili kirekebishe makosa. Tuuite mrejesho hasi. Fender Twin Reverb inao: 6L6 nne, wati 85, sauti safi kama maji ya kisima, imenyooka, na spika imeshikwa isipepesuke. Tabia yake ya pili ni kwamba ukimaliza usafi huo, sauti hupasuka ghafla. AC30 haina mrejesho huo kabisa. Makosa yote madogo ya valvu na transfoma unayasikia, spika inacheza kwa uhuru zaidi, nyuzi nyembamba zinameta, na kutoka safi hadi kukoroma unakwenda taratibu, kwa mkono wako mwenyewe. Ndiyo maana gitaa za The Beatles, waliokuwa na Vox, zilipenya katikati ya ngoma na makelele yote yale.

Unaweza kuuona mrejesho hasi kwa macho bila ya kufungua kitu. Amplifaya ya zamani ikiwa na knobu iliyoandikwa "presence", mara nyingi mrejesho upo, maana knobu ile hufanya kazi kwa kuupunguza kwenye sauti za juu. Nikipewa nichague baina ya kubadilisha valvu na kukata waya huo mmoja, nitakata waya. Tofauti utaisikia ukiwa chumba cha pili.

Umeme wa kwetu usiku hushuka. Nikipiga jioni amplifaya inakuwa laini, tamu hasa. Nina uwendawazimu? (Mpiga rithim, Wete)

Huna. Volti za ukutani zikishuka, volti zote za ndani zinashuka, na valvu za mwisho hufika ukomo mapema zaidi. Mpiga gitaa wa Kimarekani Eddie Van Halen akifanya hivyo makusudi kwa kifaa cha kupunguzia umeme. Tatizo ni filamenti. Imetengenezwa kwa volti 6.3 ukutani kukiwa na 230. Ukutani kukiwa 190, inabaki na 5.2 tu, na hiyo ni chini ya ile asilimia 10 inayovumilika. Valvu isiyopata moto wa kutosha huchoka kabla ya wakati wake. Nunua kidhibiti umeme, na utamu utafute kwenye knobu.

Wanaotumia jenereta ndio ninaowaogopea zaidi. Mwaka 2008 waya wa baharini ulipoharibika na Unguja ikakaa gizani mwezi mzima, nilizika transfoma nyingi kuliko mwaka wowote. Jenereta ndogo hupandisha volti ghafla mtu akizima friji.

Amplifaya yetu ni ya wati 100, valvu nne, ukumbi mdogo. Nikichomoa mbili sauti itapungua nusu? (Mpiga besi, Jang'ombe)

Wati zitapungua nusu. Masikio yako yatasikia upungufu wa desibeli 3, yaani kidogo tu. Ukitaka kufanya hivyo, chomoa mbili za nje au mbili za ndani, usichomoe mbili za upande mmoja. Kisha swichi ya omu, ile ya kulinganisha amplifaya na ukinzani wa spika, irudishe nusu: sanduku la spika likiwa la omu 16, weka 8. Na kama ni aina ya AC30, ambapo valvu zote nne hugawana rezista moja ya kathodi, usijaribu. Mbili zitakazobaki zitaungua.

Mimi nilianza na udi, sasa napiga gitaa. Kuna amplifaya nikiligonga gitaa kwa risha, sauti inazama kidogo kisha inavimba. Naipenda. Ni nini? (Msomaji, Mkunazini)

Ni valvu inayogeuza umeme wa ukutani kuwa wa mkondo mmoja. Ukigonga kwa nguvu, valvu za mwisho zinadai umeme mwingi kwa mpigo, na valvu hiyo inashindwa kuuleta haraka. Volti zinazama, kisha zinarudi. Valvu ya aina ya 5U4 huzama zaidi ya GZ34. Amplifaya yenye dayodi badala ya valvu hiyo huzami nayo, inakujibu papo hapo kama mlango wa chuma. Kwa mtu wa udi nafahamu kwa nini unaipenda ile ya kwanza.

Napiga hotelini Nungwi, ufukweni. Knobu zinakwaruza na sauti inakatika. Valvu zimekufa? (Mpiga gitaa wa hoteli)

Chumvi. Valvu zako huenda ni nzima. Zima, chomoa plagi, ngoja zipoe, uzichomoe uzichomeke mara tatu nne ili miguu ijisugue kwenye soketi. Knobu zipulizie dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme. Ila ukiona bati la ndani ya valvu, si ile filamenti, limekuwa jekundu kama kaa la kuchomea pweza, zima hapo hapo, hata katikati ya wimbo. Bayasi imepotea.

Kikundi chetu cha taarab ya kisasa kina akiba kidogo. Tununue amplifaya ya valvu au ya transista kwa gitaa? (Katibu wa kikundi, Mwanakwerekwe)

Transista, wala msibishane kikaoni. Gitaa katika taarab halikoromi. Linatakiwa lisikike safi chini ya fidla na kinanda. Roland JC-120 ni ya transista tangu ilipotoka mwaka 1975, wati 120, spika mbili za inchi 12, na wapigaji wenye valvu zao ndani bado huitafuta wanapotaka usafi. Ikiwa imetumika, ikaguliwe spika kwanza. Pesa itakayobaki, mnunulieni mpiga kanuni nyuzi.