Sumu ya panya inaishia tumboni mwa nani?

Tangu mvua zianze, maswali mengi yanayonifikia ni ya kuchakuro, panya na sumu. Nimechagua manne.

Mwalimu, kuchakuro wanafukua mahindi siku ile ile tunapopanda. Jirani ananishauri nitie sumu kwenye mashimo yao. Nifanyeje? (Msomaji, Baringo)

Usitie, ndugu yangu. Huyo ni kuchakuro wa ardhini, mwenye mstari mweupe ubavuni na manyoya magumu kama ya brashi. Yeye na panya wote ni wanyama wagugunaji, ila panya shamba hula usiku na huyu hula mchana, na hapo ndipo utakapomweza. Hutoka jua likishapanda, akafuata mstari wako wa mbegu akifukua shimo baada ya shimo, na kabla ya giza amesharudi kulala. Mche ukishasimama na majani yake, punje imekwisha na hamu yake imekwisha. Kwa hiyo linda shamba mchana kwa wiki mbili hivi. Fukia mbegu vizuri, usiache punje hata moja juu ya udongo, na mpande siku moja na majirani ili hasara isimwangukie mtu mmoja. Mashimo yale huingiwa pia na nyoka na mijusi. Ukitia sumu humo hujui unamlisha nani.

Nimeweka vile vidonge vya buluu. Siku ya nne panya akatoka mchana kweupe, anayumba kama mlevi. Mbona hakufa mara moja? (Msomaji, Voi)

Kwa sababu sumu hiyo imetengenezwa ichelewe. Panya ni mwoga wa chakula kigeni. Mwenzake akifa papo hapo, wengine hawagusi tena. Basi sumu hii huingia kwenye ini na kuizuia kutumia vitamini K, ambayo bila hiyo ini haliwezi kutengeneza protini za kugandisha damu. Protini zilizokuwepo huisha baada ya siku kadhaa, kisha mnyama huvuja damu ndani kwa ndani.

Tatizo ni zile siku za katikati. Panya aliyekwisha kula kiasi cha kumuua bado ana njaa, hurudi kula tena na tena, na ini lake linajaa sumu. Kisha analegea na kutoka mchana hadharani. Hakuna windo rahisi kuliko hilo kwa mwewe, kicheche au paka wako.

Sumu ya zamani ya aina hii, wafarini, ilihitaji panya ale siku kadhaa mfululizo. Panya walipoizoea zikaja kali zaidi, kama brodifakumu na bromadioloni, ambazo mlo mmoja unatosha na ambazo hukaa kwenye ini kwa miezi. Ndiyo maana mwaka 2014 huko Los Angeles, Marekani, puma, yaani paka mkubwa wa porini, aitwaye P-22 alikutwa amedhoofika kwa upele, na damu yake ikaonyesha sumu ya panya. Puma hashindi akiwinda panya. Yaelekea alikula mnyama aliyekula mnyama mwingine mwenye sumu. Tangu 2021 jimbo la California limepiga marufuku matumizi mengi ya sumu hizo kali, na mimi naona walichelewa.

Bundi amehamia darini. Mume wangu anasema ni mkosi, anataka kumfukuza. (Mama wa Kilosa)

Mama, nenda asubuhi chini ya pale anapotua. Utaona madonge meusi yenye urefu wa kidole gumba. Lichambue moja kwa kijiti: manyoya, mifupa kama sindano, na mafuvu madogo yenye meno ya rangi ya chungwa. Bundi humeza windo zima na kutapika asichoweza kumeng'enya. Hayo ni mafuvu ya panya waliokuwa wanaelekea ghalani kwako. Mwonyeshe mumeo.

Sisemi bundi atawamaliza. Panya shamba huzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walionyesha kuwa milipuko yao hufuata mvua za vuli zilizo nyingi. Vuli ikiwa nzito, fyeka kingo za shamba na tega mitego mapema. Lakini usichanganye bundi na sumu: utamuua yeye, na panya watazaliana upya kabla hajaja mwingine.

Mbwa wangu amekula chambo. Nimpe maziwa? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, hata kama anacheza, na uchukue pakiti ya sumu. Ikiwa ni ile ya kuzuia damu kuganda, dawa ipo: vitamini K1, kwa wiki kadhaa. Ikiwa ni ule unga wa kijivu wa fosfaidi ya zinki, hauna dawa ya kuuzima. Tumboni hugeuka gesi inayoua kwa saa chache. Mbwa akitapika, mtoe nje kwenye hewa, na watoto wakae mbali. Gesi hiyo humdhuru hata anayeivuta.