Andika msaada wa programu kwa ajili ya sikio

Sentensi hii imejaa kwenye kurasa za msaada: "Bofya alama ya kijani iliyo juu kulia, kisha jaza fomu kama inavyoonekana pichani." Anayeona humaliza kazi hiyo mara moja. Asiyeona haambulii kitu. Rangi haisikiki. "Juu kulia" hakumsaidii mtu ambaye ukurasa unamfikia kama mstari mmoja mrefu, kitu kimoja baada ya kingine. Alama haikutajwa jina, na fomu imeachiwa picha iieleze. Ukiwa mgeni katika kazi ya kuandika maelezo ya programu au kuwajibu wateja, jizoeze kuzinasa sentensi za namna hii, hasa zilizo zako.

Kabla ya kuandika chochote, weka kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kwenye kompyuta yako. Kwenye Windows chukua NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006. JAWS ni ya kulipia. iPhone na Mac zina VoiceOver ndani yake, na simu nyingi za Android zina TalkBack. Kwenye NVDA, kitufe cha kutolea amri ni Insert. Fungua ukurasa wowote wa msaada, kisha bonyeza H: utarukia kichwa cha sehemu inayofuata. K hukupeleka kwenye kiungo, T kwenye jedwali, F kwenye sehemu ya kujaza. Insert pamoja na F7 hufungua orodha ya vichwa au viungo vyote vya ukurasa. Ctrl huinyamazisha sauti.

Dakika kumi za zoezi hilo zitakuonyesha jambo ambalo wengi hawalitarajii: asiyeona hasomi ukurasa kuanzia juu hadi chini. Anarukaruka kwa vichwa, kama wewe unavyopitisha macho. Kwa hiyo kichwa kilichotengenezwa kwa kukoleza wino na kukuza herufi si kichwa; H itakipita. Tumia mtindo wa kichwa wa kweli (h2, h3 katika HTML), wala usiruke ngazi kwa sababu tu ngazi ya nne ina ukubwa wa herufi unaoupenda.

Maneno ya kichwa nayo yana hesabu yake, na hapa Kiswahili kina mtego wa peke yake. Tunapenda "Jinsi ya kubadilisha nenosiri", "Jinsi ya kufuta akaunti", "Jinsi ya kuongeza mtumiaji". Msikilizaji analazimika kusikia "Jinsi ya ku-" mara ishirini kabla ya kufikia neno linalotofautisha. Tena, kwenye ile orodha ya NVDA mtu huweza kuandika herufi ya kwanza ili arukie anachotaka. Kama vyote vinaanza na J, njia hiyo imekufa. Ukiondoa "Jinsi ya" ukabakiza "Kubadilisha" na "Kufuta", umehamia tu kwenye K. Andika "Badilisha nenosiri", "Futa akaunti", "Ongeza mtumiaji". Viungo vifuate utaratibu huohuo: orodha ya "Bofya hapa" kumi na mbili haimfikishi mtu popote.

Kosa jingine la kwetu ni lugha iliyotangazwa. Kiolezo cha ukurasa kilichotoka nje huja na lang="en", mwandishi akamimina Kiswahili ndani bila kukigusa. NVDA ina sauti ya Kiswahili kupitia eSpeak NG, programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, lakini ukurasa ukijitangaza kuwa wa Kiingereza, inageukia sauti ya Kiingereza: "wake" inatamkwa "weik", "pale" inakuwa "peil". Andika lang="sw" kwenye tagi ya html. Na kama programu yenyewe ina vitufe vya Kiingereza, kitaje kitufe kwa jina lake halisi na ulizungushie neno hilo lang="en", la sivyo "Save" itasikika "sa-ve" na mtu atatafuta kitufe ambacho hakipo.

Sasa hatua zenyewe. Mahali kwanza, kitendo baadaye: "Kwenye menyu ya Faili, chagua Hifadhi kama." Ukianza na kitendo, msikilizaji atabonyeza kabla hajajua yuko wapi. Onyo litangulie hatua yake. Mwenye macho huliona sanduku jekundu hata likiwa chini ya hatua. Msikilizaji hulikuta amekwisha kufuta data zote. Kila hatua ibebe kitendo kimoja, ndani ya orodha yenye namba za kweli, maana kisoma skrini humtajia idadi ya hatua tangu mwanzo. Mwishoni mwa hatua muhimu, sema atakachosikia: "Utasikia 'Imehifadhiwa'." Ukijaribu na usisikie kitu, hilo ni kosa la programu, wala usilifunike kwa maneno. Waambie watengenezaji ujumbe huo uwe na role="status" ili usomwe bila mtumiaji kuhama alipo.

Neno "bofya" lenyewe lina kipanya ndani yake. "Chagua" humfaa wa kibodi, wa simu na wa kipanya. Kwenye simu tahadhari iongezeke: TalkBack ikiwa imewashwa, kugusa mara moja husoma tu kilichoguswa; kukitekeleza ni kugonga mara mbili. Kutelezesha kidole kimoja kulia humpeleka mtu kwenye kitu kinachofuata, kwa hiyo maelezo ya "telezesha ujumbe ili uufute" hayatekelezeki kama yalivyo. Tafuta njia ya pili ndani ya programu, kwa kawaida menyu yenye Futa, uiandike hiyo. Isipokuwepo, umegundua kasoro ya kuripoti.

Picha za skrini usizifute. Wenye uoni hafifu na wenye macho wanazihitaji. Kanuni ni kwamba picha isibebe jambo ambalo maandishi hayana. Hatua ikiwa imejitosheleza kwa maneno, ipe picha alt="" (alt ni maelezo ya picha yanayosomwa na kisoma skrini) ili ipitwe kimya. Ikiwa ina habari ya ziada, andika habari hiyo: "Ujumbe wa kosa: Faili ni kubwa mno", si "picha ya skrini". Kuacha alt kabisa ni kitu kingine: picha iliyo ndani ya kiungo huweza kusomwa kwa jina la faili, tarakimu na vistari vyote.

Alama za uandishi hupotea kuliko unavyodhani. Kwa mipangilio ya kawaida ya NVDA, kistari na mstari wa chini havitamkwi katika usomaji wa mfululizo, hivyo "ripoti_mwezi" husikika "ripoti mwezi". Amri au jina la faili likiwa na alama, liandike kama lilivyo, kisha litaje kwa maneno mara moja: "kati ya maneno hayo mna mstari wa chini". Ile "Faili > Hifadhi" nayo iache. Kuna wanaoisikia kama "kubwa kuliko", na kuna wasiosikia chochote.

Wenye uoni hafifu husahaulika, ilhali hawatumii kisoma skrini kila mara. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazofikiwa na watu wenye ulemavu, unadai tofauti ya mwanga ya 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kijivu #999999 juu ya nyeupe, kipenzi cha wasanifu, kina 2.85 tu, #767676 ndicho kinachopita kwa shida. Kuza ukurasa hadi asilimia 400 kwenye dirisha la upana wa pikseli 1280: maandishi yajipange upya kwenye safu moja, mtu asilazimike kusogeza kushoto na kulia ili amalize mstari.

Mwongozo wa PDF uhamishwe kutoka Word kwa "Hifadhi kama PDF", ukihakikisha chaguo la tagi za muundo limewekwa alama. Ukipitia "Microsoft Print to PDF", vichwa na orodha vyote vinapotea, inabaki lundo la maneno. PDF ya kuskani isiyotambuliwa herufi ni picha tupu. Video iwe na msimulizi anayetaja kila kitufe. "Hapa" na "hivi" haviingii masikioni.

Ukiwa zamu ya kujibu wateja, usiombe picha ya skrini kama jambo la kwanza. Uliza: unatumia kisoma skrini gani na toleo gani, kivinjari kipi, ulibonyeza nini mwisho, ulisikia nini? Majibu hayo manne humwezesha mtengenezaji kulirudia tatizo. Usimrudishie picha yenye duara jekundu.

Programu za kukagua kama WAVE na axe zitakuambia alt ipo au haipo. Kwamba imeandikwa upuuzi, hazijui. Kwa hiyo, kabla ya kuchapisha, chomoa kipanya. Washa NVDA, bonyeza Insert, Ctrl na Escape kwa pamoja ili skrini iwe nyeusi, kisha fuata maelezo yako mwenyewe mpaka kazi iishe. Ukikwama, rudisha skrini, fungua Kitazama Usemi (Speech Viewer) kwenye menyu ya zana (Tools) ya NVDA, kisha urudie hatua: kinaonyesha kwa maandishi kila kinachotamkwa tangu kifunguliwe, na hapo utaona ni hatua ipi iliyokuangusha. Baadaye mpe mtumiaji asiyeona kazi hiyohiyo, mlipe kwa muda wake, ukae kimya pembeni. Andika kila anaporudi nyuma kusikiliza tena; sentensi hizo ndizo za kuandikwa upya.