Kuishi kwa kinanda na utunzi Mbeya

Dada, umeuliza kama mpiga kinanda wa kwaya anayetunga anaweza kuishi kwa kazi hiyo hapo Mbeya. Kwa kwaya moja tu, hapana. Wengi hupewa posho, tena ikikumbukwa. Wanaomudu huchanganya: ibada, harusi, kufundisha watoto majumbani, kurekodi studio.

Ila usitenganishe kupiga na kutunga. Mtunzi Mwingereza Benjamin Britten alimpigia piano mwimbaji Peter Pears miaka mingi huku akimtungia nyimbo. Mtunzi Mfaransa Francis Poulenc naye alifanya hivyo na mwimbaji Pierre Bernac kuanzia 1935. Anayemsindikiza mwimbaji anajua pumzi yake inaishia wapi na nota ipi inamshinda, basi anamtungia kwa vipimo vyake kama fundi cherehani. Na wewe soprano wako unawajua! Baridi ya Juni ikiwakaba koo, unashusha ufunguo wa wimbo papo hapo. Ustadi huo unatafutwa sana.

Jifunze kusoma nota za mistari mitano. Solfa (do-re-mi) pekee haitoshi ukitaka kusindikiza waimbaji nje ya kwaya. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Arusha, kina shahada ya muziki. Na nyimbo zako zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla hazijasambaa WhatsApp.