Maswali na majibu: Nasikia, ila sielewi

*Mvua ikianza kupiga bati inabidi nifundishe kwa kupayuka. Nikisema Kiswahili wanafunzi wanaitikia, nikirudi kwenye Kiingereza wananikodolea macho. Ni uvivu? (Mwalimu wa sekondari, Kilosa)*

Hapana, mwalimu. Mvua juu ya bati hupiga sauti nene na nyembamba kwa pamoja, kwa hiyo sauti yako haina mwanya wa kupenya. Kinachomfikia mtoto wa dawati la nyuma ni vipande vipande. Kuviunga ni kazi ya ubongo, nao huunga kwa lugha unayoijua. Tuseme mvua imemeza neno la kwanza, limebaki hili: "…vyangu vimepotea." Mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili anajua papo hapo kwamba ni vitu zaidi ya kimoja, vitabu au viatu labda, wala hawezi kudhani ni kalamu. Vile viambishi viwili vilivyosalimika, vy- na vi-, vimembebea habari. Hizi ngeli ambazo wageni wanazilaani usiku kucha, kumbe kwenye kelele ni bima.

Ubongo unaziba pengo hata bila kukuaga. Mwaka 1970 Richard Warren, mtafiti wa Marekani, alikata sauti moja katikati ya neno akabandika kikohozi mahali pake. Kati ya wasikilizaji 20, 19 walisema hakuna kilichopungua.

Kwa Kiingereza mtoto wako hana akiba hiyo. Utafiti wa mwaka 1997 uliwapima wasemaji wa Kihispania wanaojua Kiingereza, na waliojifunza wakiwa wameshapita miaka 14 ndio waliotupwa mbali kelele zilipoongezwa, kuliko walioanza utotoni. Halafu kuna gharama nyingine: akili inayohangaika kuokota maneno haibaki ya kuyakumbuka. Kwa hiyo mawingu yakitanda, andika mada na istilahi ubaoni kabla hujafungua mdomo. Mtoto akijua mnazungumzia mmeng'enyo wa chakula, ubongo wake una pa kuanzia kukisia. Na kama mkuu wa shule hayuko karibu, wafafanulie kwa Kiswahili. Hilo ni langu, si la wizara.

*Harusini, watu mia tatu wanaongea na muziki umefunguliwa, lakini mtu akitaja jina langu meza ya tatu nasikia. Inakuwaje? (Msomaji, Tabata)*

Mwaka 1953 Colin Cherry, mtafiti wa Uingereza, aliwavalisha watu vipokea sauti, kila sikio maneno yake, akawaambia wafuatishe kwa mdomo yale ya upande mmoja. Walipoulizwa upande wa pili ulisema nini, hawakuwa na la kueleza. Hata Kiingereza kilipogeuzwa Kijerumani hawakutambua, ingawa sauti ya mwanamume ikibadilika kuwa ya mwanamke waligundua. Ubongo huchagua wa kumsikiliza, wengine unawaacha mlangoni. Jina lako lina ruhusa ya kuchungulia, ila si kila mara: Neville Moray alilijaribu mwaka 1959, na takriban theluthi moja tu ndio waliosikia majina yao. Wewe unakumbuka siku ulizosikia. Siku ulizoitwa ukapitwa, utazijuaje?

*Shikamoo daktari. Baba ana miaka 74. Ukiongea taratibu anasema hasikii, ukipaza sauti anakuja juu: "Mbona wanifokea?" Kwenye kikao cha familia anakaa kimya. Mama anasema anajifanya. (Binti, Likoni)*

Marahaba, ingawa mimi si daktari. Na mama, kwa heshima zote, nampinga.

Sauti hupokewa ndani ya sikio na seli zenye vinyweleo, zimepangwa kwenye kijibomba kilichojiviringa kama konokono. Sauti nyembamba hupokewa mlangoni, nene kule ndani. Uzee huanza kula mlangoni, na seli zikifa hazioti tena. Sasa herufi kama s, f na t ndizo nyembamba na dhaifu. Irabu ni nene na zina nguvu. Unapomwambia "saa sita", kinachomfikia ni kitu kama "aa i-a". Anajua unaongea, hajui umesema nini. Ukipayuka unazidisha irabu ambazo alikuwa anazisikia tangu mwanzo, tena sikio lililochoka hupokea sauti ndogo kama hakuna kitu na sauti kubwa kama kofi. Ndiyo maana anasema wamfokea. Kwa upande wake ni kweli.

Kikaoni zimeni feni na televisheni, mketisheni anapoziona nyuso zenu kwenye mwanga, na aongee mmoja mmoja. Asiposhika, usirudie neno lile lile mara tatu. Badilisha: badala ya "saa sita", mwambie "mchana, karibu na Adhuhuri". Apelekwe pia akapimwe, maana wakati mwingine ni nta ya sikio tu. Akipewa kifaa cha usikivu asikitupe kabatini wiki ya kwanza; kinakuza na kelele pia, na ubongo huchukua wiki kadhaa kukizoea.

*Nikivua miwani sisikii vizuri. Wenzangu wananicheka. (Mhasibu, Bujumbura)*

Wacheke tu. Midomo ya msemaji hubeba habari nyingi penye kelele. Harry McGurk na John MacDonald walionyesha mwaka 1976 kwamba ukicheza sauti ya "ba" juu ya picha ya mtu anayesema "ga", wengi husikia "da". Ukifumba macho, "ba" inarudi. Vaa miwani yako.

*Juzi kwenye simu nimeandika "Mfose", kumbe mteja anaitwa Msofe. Nina tatizo la masikio? (Karani, Mbeya)*

Tatizo ni simu. Simu ya kawaida hupitisha takriban hezi 300 hadi 3,400, na ule mvumo wa s sehemu kubwa uko juu ya hapo. Ukikatwa, s na f zinabaki kama mapacha. Kwenye "safari" ubongo hurekebisha wenyewe, kwa kuwa "fasari" haipo. Jina la ukoo usiloliwahi kulisikia halina wa kulitetea. Simu za intaneti nyingi hubeba masafa mapana zaidi, utaona tofauti. Nyingine zote, mwulize bila aibu: S ya Sara au F ya Fatuma?